Mwali katoka chumbani kutengeneza telefone

Jamani, leo mjukuu wangu kanitoa jasho mbele ya wakwe!

Wamekuja kumposa Zainabu. Jibu ni la shangazi yake, binti yangu, na yeye yuko Gatumba, maji yamefunga njia. Wazee wakasema: basi tumuone uso kwenye telefone.

Nafungua ile programu ya kila mutu.
Ikakataa! Eti telefone yangu imezeeka, nitafute mpya.
Nani kaiuliza umri?

Mgeni mmoja kashaanza kutafuta viatu vyake.

Mara mlango wa chumba, paa! Zainabu huyo. Na mnajua, anayeposwa hatoki mpaka aitwe.

"We mutoto, rudi ndani!"
"Apana, Bibi. Lete telefone."

Akaweka programu nyingine, ya bure. Ya bure? Mi nikashika roho. Akasema watu wameitunga pamoja wakaiacha wazi, kila fundi anaweza kuifungua na kuirekebisha. Yeye mwenyewe kairekebisha ikubali telefone za zamani, na kwenye telefone ya shangazi yake alishaiweka.

Uso wa shangazi huo!
Neno la kwanza: "Zainabu, nani kakutoa chumbani?"
La pili: "Nimekubali."

Nikageuka niwaombe wakwe radhi. Nakuta baba wa bwana harusi kanyoosha telefone yake, kioo kimepasuka kote:
"Mkwe, kabla hujarudi ndani, na mimi niwekee."

Haya, semeni wenyewe, nimgombeze?
Vigelegele nimeshapiga.