Chombo cha Mama Ziwani

Wazazi wetu walipokufa, walituachia ng'ombe watatu na chombo kimoja cha mti, alichokamulia Mama. Mimi mkubwa niliacha shule katika mwaka wa tatu. Nikatoka kijijini kwetu Kirolirwe na dada yangu mdogo, tukapanga nyumba mlimani juu ya Kirotshe, kando ya ziwa, na kila asubuhi tukawa tunashuka ufukweni kuuza maziwa.

Siku moja nilipomaliza kuuza, nilimkuta dada amekiinamia kile chombo. Kitako chake kilikuwa majini, naye ameweka sikio kwenye mdomo wa chombo.

"Kaka, kuya usikilize! Mama wa ngambo ile iko anagonga mawe ndani ya maji. Niko namusikia!"

Ng'ambo ile mtu alionekana kama mdudu. Nilimpiga kofi. Kwetu chombo cha maziwa hakiingizwi ziwani, ng'ombe watakauka, na maziwa yake hayanunuliwi tena; na wanunuzi wangu walikuwa wamesikia kelele zake. Nikamwamuru aseme mbele yao kwamba amedanganya, hakusikia kitu wala chombo hakikugusa maji. Akasema, huku analia.

"Mutoto wa ng'ombe anasikia samaki wanasali!" mmoja wa mama wanunuzi akadakia. Jina likamganda: Musikia-samaki.

Miezi michache baadaye alikuja mhandisi Mzungu kupima ziwa. Alikuwa na mashine ya kutupa mawimbi hewani ili ajue pirogi, ule mtumbwi wake, iko wapi, na nyingine ya kusikiliza majini. Msaidizi wake alipiga kengele chini ya maji ng'ambo ya pili. Huku ufukweni hatukusikia kitu, lakini kila aliyevaa vile visikilizio vya mashine masikioni aliruka. Nilivivaa nami. Ngo, ngo, ngo.

Karani wake akatufasiria: mashine hizo zina breve, yaani karatasi ya Serikali inayosema wazo hili ni la fulani, mwingine asilichukue.

"Bwana anauliza: kati yenu, iko muntu alishasikia sauti ndani ya maji?"

Wale mama wanunuzi wakamgeukia dada yangu. Yeye akanitazama mimi. Alihitaji neno moja tu kutoka kwangu, palepale nilipomwaibisha. Lakini nilifikiria lile kofi, nikafikiria maziwa ambayo hayatanunuliwa nikikiri kwamba chombo kiliingia ziwani.

"Hapana, Bwana," nikasema. "Sisi tunajua ng'ombe tu."

Watu wakacheka. Dada akainama, akaokota chombo, akatangulia njiani.

Nilimlea mpaka akaolewa, na watu hunisifu kwa hilo. Wakinisifu, naikumbuka jioni ya siku ile. Alikamua ndani ya chombo kile kama kawaida, akanipa mimi kwanza, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa wa nyumba.

"Kunywa, Kaka," akasema. "Nimekiosha muzuri."

Nikanywa, sikumtazama.