Kitana Kibichi

Gracieuse ni mtu wa kusema kitu mara moja. Ukisikia, umesikia, usiposikia, shauri yako. Sisi tunaosuka naye saluni huku ugenini, Berea, tunamjua hivyo, na bosi wetu, Marie-Claire, ndiye aliyepaswa kumjua kuliko sote, maana wametoka wote Bukavu.

Kwa miaka mingi Gracieuse alikuwa akienda kumtengeneza nywele mjane mmoja wa Kijapani, Bibi Hanae, ghorofa ya jirani. Bibi huyo alikuwa na vitana vya zamani vya mbao, vyeusi, vinang'aa hadi unauona uso wako. Ule weusi si rangi ya kopo. Ni utomvu wa mti: unapakwa tabaka jembamba, unaachwa ukauke, unasuguliwa, unapakwa tena, na juu yake linanyunyizwa vumbi la dhahabu. Gracieuse akajifunza kuvikarabati. Mwanzoni mikono ilimvimba, akajikuna kama kichaa, baadaye mwili ukazoea. Bibi alipofariki alimwachia kitana kimoja, chenye panzi wa dhahabu kwenye majani. Hana kingine cha thamani duniani.

Marie-Claire akakiazima aende nacho kwenye sherehe Pinetown. Kikarudi jino limevunjika.

"Si plastiki tu hii?" akasema.

Gracieuse alilia mbele ya wateja. Bosi akacheka. "Ngoja tu, itakupita."

Jamani! Mimi Ernestina, mtu wa Masasi, ningemrukia palepale. Gracieuse akafuta machozi, akaniambia pembeni, "Ataniomba pardon huyu. Na kinywa chake mwenyewe."

Akaliunga jino kwa ule utomvu, akakiweka kitana ndani ya boksi lenye kitambaa kilicholowa maji, kabatini. Utomvu ule una kiburi chake: kwenye hewa kavu haukauki vizuri, unataka unyevu.

Sasa bosi alikuwa anamwoza binti yake, Deborah. Alhamisi akakitaka kitana tena.

"Iko bichi, Mama Deborah," Gracieuse akamwambia. "Haiyakauka bado."

Marie-Claire akafungua boksi, akakiminya kitambaa, maji yakachuruzika. "Unaikausha mu maji? Unanizania mie mtoto? Sema tu una choyo!" Akakichomeka kichwani, akajitazama kwenye kioo, akaondoka nacho.

"Utamwacha aende hivyo?" nikauliza.

"Nimemwambia iko bichi," Gracieuse akajibu, akaendelea kusuka. Alikuwa anatabasamu. Niliogopa kidogo, lakini raha pia niliisikia, sikatai.

Jumamosi mama wa bibi harusi aliingia kanisani na miwani ya jua, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Masikio yamefura, mashavu yamejaa, na miwani ilipoteleza tukaona macho yamebaki vijistari viwili. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amelogwa. Kulogwa wapi! Mimi nimekulia kwenye mikorosho, najua utomvu mbichi unavyounguza ngozi. Nikaelewa palepale, nikabana kicheko hadi mbavu zikaniuma. Kwenye picha zote za harusi ya mwanawe, Marie-Claire amegeuka upande.

Jumatatu akaja saluni, kitana kimo ndani ya mfuko wa plastiki, anaushika kwa vidole viwili.

"Gracieuse, dawa iko?"

"Iko. Lakini sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Tukazima madraya. Marie-Claire akajikuna shingo, akatutazama.

"Pardon, dada yangu. Nilikuvunjia kitu yako, na nikakucheka."

Gracieuse akaupokea mfuko, akakitoa kitana, akalikagua jino taratibu. Limeshika. Akakirudisha kwenye boksi na kukifunika kwa kitambaa chake chenye maji.

"Na dawa?" bosi akauliza, anajikuna.

"Ngoja tu," Gracieuse akamwambia. "Itakupita."