Asubuhi Jimi Aliposhindwa Kuinuka

Mwanangu, jana uliponiambia kwamba mbwa wenu amekuwa mvivu na hafai tena kulinda, mawazo yalinirudisha mbali. Nilikumbuka asubuhi moja kule Idete, nikaona aibu kama vile ni ya juzi.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe. Pale nyumbani palikuwa na mbwa mwekundu, Jimi, aliyekuwa akiwafukuza nguruwe pori kwenye mpunga tangu kabla sijafika. Masika ile alibadilika. Akilala, kuinuka kunamchukua muda. Miguu ya nyuma inatetemeka, anasimama kidogo, ndipo anatembea. Mimi nikasema huu ni uvivu wa kushiba, maana nilimpa ugali mwingi na vichwa vya kambale, na kweli alikuwa amenenepa.

Asubuhi hiyo tukakuta nguruwe wameharibu majaruba mawili ya mpunga. Kwa hasira nilimfunga Jimi kamba shingoni, nikamvuta kwenda shambani. Alijitahidi, maskini. Tulipofika kwenye tuta la jaruba akateleza, akaangukia topeni, akashindwa kuinuka. Hakubweka wala hakuning'ata. Alinitazama tu. Nami nikamvuta tena.

Mama mkwe wangu alikuwa akija nyuma yetu na fimbo yake, polepole, kwa sababu magoti yake nayo yalikuwa yakimsumbua. Hakupaza sauti. Alinitoa kamba mkononi, akasema, "Mwanangu, hata mimi asubuhi siinuki upesi. Siku nikishindwa kabisa, utanifunga kamba?"

Nililia pale pale, nikambeba Jimi na matope yake hadi nyumbani.

Kwa kutaka kutubu haraka, nikachukua vidonge vya magoti vya mama nimpe Jimi. Mama akanizuia, akasema tumuulize kwanza anayejua. Mume wangu akamweka Jimi kwenye tenga juu ya baiskeli, akaikokota, mimi nikimshikilia, mpaka kwa bwana mifugo. Yule bwana alimkunja miguu taratibu, akatueleza kwamba viungo vimechoka kwa uzee, na unene umeviongezea mzigo. Akamchoma sindano ya kutuliza maumivu. Nilipomtajia vile vidonge, alitikisa kichwa.

"Dawa ya maumivu ya mtu inaweza kumuua mbwa," alisema. "Mshukuru mama yako."

Basi tukampunguzia ugali. Nikamtandikia gunia lililojazwa majani makavu ya mpunga, mahali pasipovuja. Mama akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kama alivyozoea kujikanda mwenyewe. Na kila siku jua likishatoka, wale wawili walitembea hadi kisimani na kurudi, bila haraka. Mwezi haukuisha, Jimi akawa anainuka bila kutetemeka sana. Kulinda shamba hakulinda tena. Tulipewa mbwa mwingine na jirani. Lakini alikaa nasi mavuno matatu zaidi, na siku aliyokufa alikuwa ametoka kutembea na mama.

Mama naye ametangulia. Namshukuru kila nikimkumbuka, maana sasa mimi ndiye ninayeinuka kwa kushika ukuta, nawe hujawahi kunihimiza.

Kwa hiyo, mwanangu, usimwite mbwa wenu mvivu kabla hujamshika miguu na kuona inapomuuma. Msimnenepeshe mkidhani mnamtunza. Mtoeni kwenye sakafu ya baridi. Atembee kidogo kidogo kila siku, asifungiwe eti apumzike, wala asikimbizwe. Dawa umwachie mtaalamu wa mifugo. Amewalinda tangu watoto wako wakiwa wachanga. Sasa ni zamu yenu.

Mungu akupe moyo wa kuwasubiri wanaokwenda polepole. Na miguu yako itakapochoka, akujalie watu wa kukusubiri, kama alivyonijalia mimi wewe.