Mchezo Ambao Haukuwa Daftarini

Fundi Felisiani wa Chanji hutengeneza redio, na kila anayoigusa huiandika: ya nani, ilikufa nini, imepona lini. Kwenye klabu ya sataranji, inayokutana Jumapili baada ya misa ya pili, hufanya vivyo hivyo. Ashinde, ashindwe, mchezo wake huuingiza daftarini hatua kwa hatua. Klabu haina kitabu kingine, basi daftari huazimwa na kila mtu.

Kosa lilikuwa hapo. Miaka mitatu alianza kwa namna ile ile: askari wa mfalme hatua mbili, farasi, askofu. Edith, muuza maharage sokoni, alishalikariri daftari lote, na alikuwa amemfunga mara kumi na tisa mfululizo.

Jumapili moja waligombea nafasi ya mwisho ya kwenda mashindanoni Mbeya. Felisiani hakuwahi kuchaguliwa hata mara moja.

"Anza, Baba Silvana," Edith alisema, akikaza kitenge mabegani kwa baridi. "Leo ukurasa wa ngapi?"

Watu wakacheka. Felisiani akasogeza askari wa malkia.

Edith akakunja uso. "Huyu mbona hayumo daftarini!"

"Hayumo."

Mwezi mzima alikuwa akijifunza mwanzo huo peke yake dukani kwake, kwa maharage badala ya kete, juu ya kasha la redio, akijizuia asiuandike. Mkono ulimwasha kweli.

Hatua ya pili akaacha askari mwingine aliwe bure. Edith akamla, kisha akapanga askari wa pembeni kumlinda yule mlaji. Felisiani akaubomoa ukuta huo, akamtoa malkia, akaielekea ngome ya Edith kule kona. Ili kuiokoa, Edith akamweka farasi wake mbele kama kinga. Farasi akaliwa.

"Kumbe yale maharage ya rangi mbili uliyonichagulisha punje kwa punje ndiyo ulifanyia mazoezi!" Edith alisema.

"Nilihitaji majeshi mawili, Mama Calvin."

Edith alipambana hadi hatua ya arobaini na moja, akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa.

"Huo usiuandike, Fundi," mwenyekiti Vitus alimnong'oneza. "Ubaki siri yako."

Felisiani alishika kalamu, akaitazama. Kisha akaandika hatua zote, akapiga mstari kwa rula chini ya neno *nimeshinda*, akamkabidhi Edith daftari.

Edith akalitia kapuni. "Nenda Mbeya salama. Ila ukirudi, Baba Silvana, ujue huu nao nimeshaukariri."

"Basi kesho nitapita sokoni," alisema Felisiani. "Unipimie nusu kilo, rangi mbili."