Kabla ya Kulaumu Kisima

Nakumbuka ile Alhamisi ambayo mwaitu, yaani mama yangu, alitega sufuria chini ya mfereji wa jikoni, akaenda kuchambua maharagwe, akayamaliza, akarudi akakuta sufuria haijafika nusu. Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mitaboni, ambako pampu ilileta maji jikoni kutoka kisimani. Maji yalitoka membamba, mwanangu, ungeweza kuyatunga kwenye sindano ukashonea shati.

Siku nyingine tungecheka. Lakini Jumamosi ilikuwa ntheo ya dada yangu Mwende. Watu wa mchumba wake walikuwa waje kutoka Kangundo na mbuzi wa desturi, wale ambao kwetu wasipoletwa, msichana hahesabiwi kuwa ameposwa. Na wageni wa ntheo hawali kidogo! Utawapikia nini na mfereji unadondosha machozi?

Baba aliamua upesi. "Kisima kimekauka."

Kwetu Ukambani maji yakipungua, mawazo ya mtu hukimbilia hapo kwanza. Ukame umetufundisha hivyo. Mjomba Kioko akasema kesho yake angeleta wachimbaji wakiongeze kina. Mwende akaanza kulia, maana kisima kikishachimbwa maji hukaa matope siku nyingi, na ntheo ingebidi iahirishwe.

"Tukiwarudisha watasema nimewakataa," akasema. "Wale watu wana kiburi, baba. Hawatakuja tena."

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya ufundi mjini Machakos, na cheti changu nilikipenda hata nikakipiga pasi. Nikamwomba baba anipe hadi jua lishuke.

"Utafanya nini wewe?" mjomba akacheka. "Utakisomea kisima cheti?"

"Kikikataa kusikia, mjomba, nitakuachia wewe ukisomee."

Dalili ya mvua ni mawingu, na mitambo nayo ina mawingu yake. Kisima kikikauka, mfereji hukohoa hewa, na pampu huunguruma bila kupandisha presha. Wetu haukukohoa hata mara moja. Kwenye tangi la presha, pale kando ya kisima, mshale wa geji ya kupimia presha ulikuwa umesimama juu, imara kama askari wa chifu. Nikafungua mfereji mdogo wa hapo hapo tangini. Maji yakaruka, yakamlowesha mjomba kuanzia kofia hadi soksi! Basi kisima kilikuwa kizima, na pampu nzima. Kizuizi kilikuwa njiani, kati ya tangi na jikoni.

Nikazima stima, nikatoa presha yote, nikafungua chujio la mchanga, pale paipu inapotoka tangini. Mchanga wa kutosha kujengea kanisa! Nikaliosha, nikalirudisha, nikawasha. Jikoni maji yakaongezeka kidogo: uzi ukawa kamba ya kiatu. Hapo ujanja ukaniishia. Nikachukua jembe nikaanza kufukua paipu, nikidhani imebanwa na mizizi. Mwaitu akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Wewe Mutinda. Umeuliza geji, umeuliza chujio, sasa unauliza udongo. Anayeteka hayo maji kila siku ni mimi. Umeniuliza?"

Jembe likawa zito ghafla. "Haya, mwaitu. Yalianza lini kupungua?"

"Tangu kiangazi. Si mimi ndiye niliyapunguza?"

Baba akaweka kikombe chini. "Ati nani?"

"Mimi. Mlikuwa mnaacha mfereji wazi kama watu wenye mto wao! Nikafunga nusu ile koki ya paipu iko nyuma ya jikoni, nikaifunika na beseni kuukuu. Mvua ilipokuja nikaenda kuifungua, nikapata kuku amelalia mayai hapo juu. Nani huondoa kuku kwa mayai? Nusu ilikuwa inatutosha. Wiki hii ndiyo imezidi, na nyinyi mkaanza kuimba kisima, kisima, nikadhani mnajua kitu."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa: koki nusu imefungwa tangu kiangazi, halafu mvua ikaleta mchanga ukaziba chujio. Tukamhamisha kuku pamoja na mayai yake (alinidonoa, naapa, vidole kumi na tatu), nikafungua koki yote. Jikoni sufuria ilijaa kabla baba hajamaliza kusema "Aiya!" Mjomba akaenda mwenyewe kuwaambia wachimbaji wasije. Jumamosi wageni walinawa, wakala, wakanywa, na mbuzi wa Mwende wakapokelewa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Maji yakipungua nyumbani kwako, usiite wachimbaji. Tazama kama ni mfereji mmoja au yote. Soma geji. Zima stima kabla hujashika chochote. Safisha chujio, hasa baada ya mvua, kisha ufuate paipu koki kwa koki. Na kabla ya yote hayo, muulize anayeyateka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mambo mengine ya maisha ni hivyo hivyo. Ndoa ikikonda, shamba likikonda, watu hukimbilia kusema chanzo kimekauka, kumbe kuna mtu alifunga kitu kwa nia njema na hajaulizwa.

Mungu akubariki, mwanangu. Nyumba yako isikose maji ya kumpa mgeni, na ulimi wako usione haya kuuliza.