Maharage ya Abdulatif Mlimani

Abdulatif, fundi cherehani wa Bigwa, alikuwa na tatizo moja: hakuweza kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine isipokuwa mkewe, Shadya. Harusini alionja kidogo, akashukuru, kisha akarudi nyumbani kuuliza kuna nini jikoni. Kwa hiyo rafiki yake Yunusi alipomwalika wapande milima ya Uluguru, walale hemani siku mbili, hakuuliza habari za mvua wala baridi.

"Tutakula nini?"

"Mkate na biskuti."

Abdulatif alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

Jirani yao Anastasia hukausha maembe ya kuuza kwenye kaushio la jua, sanduku lililofunikwa nailoni. Abdulatif akaomba nafasi, akatandaza humo maharage ya nazi ya Shadya, yaliyokwisha kupikwa, ili ayabebe makavu mlimani. Siku ya pili yalikuwa bado yanateleza kwa mafuta, na hata kuku waliyapitia mbali.

"Shemeji, nazi haikauki, inachacha," Anastasia akamwambia, akijizuia kucheka. "Mkeo apike bila mafuta, uyaponde, uyatandaze membamba."

Shadya akapika upya, kilo mbili nzima, huku akimuuliza kama anapanda mlima au anahama. Yalipokauka yakawa chenga tupu, yakaenea kwenye mfuko mmoja. Abdulatif akaupima mkononi, akaona haumtoshi mwanaume mzima. Akaubeba wote.

Mlimani mvua iliwanyeshea tangu mchana. Jioni Yunusi akafungua begi, akakuta mkate umekuwa uji. Abdulatif, bila haraka, akamimina mfuko wote kwenye sufuria, akatia maji ya moto, akafunika. Maharage yakanywa maji. Akaongeza. Yakanywa tena, mpaka yakainua kifuniko. Wakala wao wawili na mzee Pazi, aliyewaongoza njia, wakalegeza mikanda, na bado yakabaki ya asubuhi.

"Kapika nani haya?" Pazi akauliza, akilamba kijiko.

Abdulatif akageukia ukungu. "Mimi mwenyewe."

Kumbe Pazi hana siri. Wiki iliyofuata alikutana na Shadya sokoni, akamsifia mumewe mpaka basi. Shadya akasikiliza kwa adabu, akaitikia kila neno.

Jioni ile Abdulatif alikuta jiko limewashwa, maharage yamechaguliwa, na mwiko umelazwa juu ya kiti chake.

"Karibu, mpishi," Shadya akasema kutoka mkekani, miguu kainyoosha. "Tuna njaa."

Maharage yaliungua chini, chumvi ikazidi. Shadya alikula sahani mbili, akisifu kila tonge.