Dole la mume

Siku hizi mabinti wanaandika mambo ya uzazi kwenye simu mpaka wabunge wanasikia. Sisi, miaka ile ya wakimbizi, tuliandika kwa dole gumba.

Siku moja nilitembea kutoka kijijini kwetu Murukulazo mpaka zahanati. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mkimbizi, mtoto mgongoni, anaomba sindano ya uzazi wa mpango. Uzazi wa mwisho ulimtoa damu nusura afe.

"Mumeo aje aweke dole la kukubali kwanza, ndiyo sheria," mganga akasema.

"Yuko kambi nyingine, anatafuta ndugu zake."

"Basi subiri arudi."

"Akirudi, baba, nitakuwa nimeshachelewa!"

Tukacheka wote. Yeye machozi yalimtoka.

Nikasema, "Mwanangu mganga, lete wino. Naweka mimi."

"Bibi, kwani wewe ndiye mume?"

"Foleni yote hii ni waume zake!"

Tukaweka madole mpaka karatasi ikajaa. Diwani wetu akaipeleka kwa madiwani wenzake, wakaifuta ile sheria ya dole la mume. Mume alikuwa bado hajarudi.

Siku yule mama alipochomwa sindano nilimshikia mtoto. Akatoka, akampokea, akakaa chini akamnyonyesha.

"Nyonya taratibu, mwanangu," akamwambia. "Hakuna anayekufukuza."